Kuwajua Wasomaji wa Tovuti Yako: Ulinganisho wa Njia Nne za Kuhesabu Wageni

Kila anayeandika mtandaoni kwa Kiswahili, awe anatoa mapishi, mashairi, maoni ya siasa au maelekezo ya ufugaji wa kuku, hufika wakati akataka majibu ya maswali mawili: ni akina nani wanaonisoma, na katika haya yote ninayoyaandika, lipi nilikazanie? Majibu hutafutwa kwenye takwimu za wageni, na hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu zana za kuhesabu ni nyingi na zikiwekwa kwenye tovuti moja hazikubaliani. Ya kwanza itasema mwezi uliopita ulipata wageni elfu mbili, ya pili itasema mia tisa, na ya tatu haitataja wageni kabisa bali mibofyo. Hakuna inayodanganya. Kila moja inahesabu kitu chake kwa njia yake, na mwenye tovuti asiyeijua tofauti hiyo huishia kuiamini ile inayompa tarakimu kubwa zaidi.

Nimezigawa njia hizo katika makundi manne: takwimu zinazokuja na jukwaa lenyewe, yaani za Blogger na WordPress; Google Analytics, zana ya Google ya kuchambua ziara za tovuti; zana zilizotengenezwa kwa kuzingatia faragha, ambazo hapa zinawakilishwa na Matomo na Plausible; na Google Search Console, inayoonyesha jinsi tovuti yako inavyopatikana kwenye utafutaji wa Google. Mfano nitakaoutumia ni wa tovuti ya mapishi ya pwani yenye wasomaji Tanzania, Kenya na Oman, kwa kuwa mapishi yana misimu, na msomaji wake huwa ameshika simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. La kwanza ni kitu inachohesabu hasa, kwa sababu ukurasa uliofunguliwa, mtembeleo na mtu ni vitu vitatu tofauti. La pili ni kile inachoweza kueleza kuhusu wasomaji: wako wapi, wametokea wapi, wanarudi au hawarudi. La tatu ni msaada wake katika kuchagua mada, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, maana kujua kwamba una wasomaji mia tatu wa Mombasa hakukusaidii kitu kama hujui walichofuata. La nne ni gharama, zikiwemo fedha, muda wa kujifunza na bando la msomaji, kwa kuwa msimbo wa kuhesabu nao hupakuliwa kwenye simu yake. La tano ni faragha na sheria. Mwisho wa kila njia nimetaja inamfaa nani.

Mambo yanayozikumba zana karibu zote

Kabla ya kuzilinganisha, yapo mazingira ya kwetu yanayopotosha hesabu bila kujali zana uliyoichagua, na miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani huyapita haraka.

Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, hivyo simu nyingi zilizo Mwanza, Tabora na Temeke zinaweza kuonekana kwenye seva yako (kompyuta inayohifadhi tovuti) kana kwamba zimetoka mahali pamoja. Programu ya zamani kama AWStats, ambayo bado ipo kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) za kampuni nyingi za kupangisha tovuti, hutofautisha wageni kwa anwani ya IP, kwa hiyo simu zote hizo kwake ni mgeni mmoja. Zana zinazochanganya IP na utambulisho wa kivinjari, yaani maelezo ambayo programu ya kufungulia tovuti hujitambulisha nayo, zilikuwa na nafuu, lakini tangu 2023 Chrome ya Android imeacha kutaja modeli ya simu na toleo halisi la Android katika utambulisho huo; Tecno na Samsung sasa hujieleza kwa maneno yaleyale. Kwa wasomaji wanaotumia Android na Chrome, ambao ndio wengi kwetu, nafuu hiyo imepungua sana. Hali hiyo hiyo huiharibu ripoti ya miji: msomaji wa Mbeya aliye kwenye mtandao wa simu mara nyingi huandikwa kuwa yuko Dar es Salaam, na wa Kisumu kuwa yuko Nairobi, kwa sababu huko ndiko liliko lango la kampuni yake. Ripoti ya nchi unaweza kuitegemea kwa kiasi, lakini ya mji usiijengee mpango.

Hata ripoti ya nchi ina mashimo. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu, na watu wengi wakazoea kuwasha VPN, programu inayoficha mahali mtu alipo, na kuiacha ikiwa imewaka. Msomaji wa Kampala akionekana Uholanzi au Marekani, mwandishi anaweza kuamini kwamba amepata wasomaji wa ughaibuni, kumbe ni jirani.

Ripoti ya lugha nayo hupotosha kwa namna ya pekee. Haipimi lugha anayoisoma mtu bali lugha iliyowekwa kwenye simu au kivinjari chake, na simu nyingi za Afrika Mashariki zimeachwa kwenye Kiingereza kama zilivyotoka dukani. Ukiona asilimia kubwa ya wageni wa tovuti yako ya Kiswahili wameandikwa kuwa ni wa Kiingereza, usianze kutafsiri kurasa zako.

Kisha kuna WhatsApp. Kiungo kilichotumwa kwenye kundi la familia kikifunguliwa, mara nyingi hakibebi taarifa ya kilikotoka, na zana huandika kwamba mgeni amekuja moja kwa moja, kama mtu aliyeiandika anwani ya tovuti mwenyewe. Dawa yake ni kuongeza alama mwishoni mwa kiungo kabla ya kukituma, kwa mfano ?utm_source=whatsapp&utm_campaign=futari, na tangu hapo Google Analytics, Matomo na Plausible zitawaorodhesha wageni hao peke yao. Alama hiyo itasafiri na kiungo hata kikipelekwa kwenye makundi mengine, na hilo ni jema.

La mwisho ni saa. Akaunti mpya isipobadilishiwa mpangilio inaweza kufuata saa za Pasifiki za Marekani, ambako usiku wa manane ni saa nne au saa tano asubuhi ya Dar es Salaam kulingana na majira yao. Siku yako ya takwimu inakatwa katikati ya asubuhi, na wasomaji wa Jumatatu alfajiri wanaandikwa kwenye Jumapili. Badilisha mpangilio huo siku unayofungua akaunti. Ripoti za kila siku za Search Console, hata hivyo, hufuata saa hizo za Pasifiki na huna la kufanya.

Njia ya kwanza: takwimu za jukwaa lenyewe

*Inachohesabu.* Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003, huhesabu mara kurasa zilipofunguliwa na haijaribu kukuambia ni watu wangapi. Ndani ya hesabu hiyo zimo roboti, zimo tovuti taka zinazojifanya zimekuletea wageni ili uzibofye kwa udadisi, na umo wewe mwenyewe, isipokuwa umechagua ziara zako zisihesabiwe. Na hata ukichagua, chaguo hilo hukaa kwenye kivinjari kile kile tu, ukifungua kwa simu nyingine unahesabiwa upya. WordPress.com, pamoja na Jetpack, programu ya nyongeza ya WordPress, kwa walio kwenye seva zao, imepiga hatua zaidi: inatenganisha kurasa na wageni, na haikuhesabu ukiwa umeingia kwenye akaunti yako.

*Kuhusu wasomaji.* Utaona nchi na tovuti zilizowaleta. Hutajua kama mtu alisoma hadi mwisho, na kwa Blogger hutajua kama amewahi kuja.

*Kuhusu mada.* Orodha ya makala zilizofunguliwa sana ndiyo thamani yake kubwa, ila ina mtego: ukiitazama kwa muda wote tangu tovuti ianze, makala za kale zitakuwa juu kwa sababu tu zimekaa sana. Itazame kwa siku thelathini, kisha kwa miezi mitatu, na uone ni ipi iliyoko juu katika zote mbili.

*Gharama na kazi.* Hakuna cha kufunga wala cha kujifunza, na Blogger ni bure. Jetpack hutoza tovuti za kibiashara kwa takwimu zake, hivyo mwenye matangazo au duka asome masharti kwanza.

*Faragha.* Takwimu hukaa kwa mwenye jukwaa na huna uwezo mkubwa wa kuamua zikusanywe vipi. Ukihama jukwaa, kwa kawaida historia yako inabaki huko.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeanza, anayeandikia kwenye simu, na yeyote ambaye swali lake ni dogo: ni makala ipi kati ya hizi imepokelewa vizuri kuliko wenzake?

Njia ya pili: Google Analytics

*Inachohesabu.* Toleo linalotumika sasa ni GA4. Lile la awali liliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023. GA4 huhesabu matukio: ukurasa kufunguliwa, kiungo kubofywa, ukurasa kushushwa hadi asilimia 90 ya urefu wake. Mgeni hutambuliwa kwa vidakuzi, yaani faili ndogo zinazowekwa kwenye kivinjari, na kwa hiyo inachokihesabu kwa kweli ni vivinjari. Msomaji aliyefungua kiungo ndani ya Facebook kisha akarudi kwa Chrome ni wageni wawili, na mama na binti wanaotumia simu moja ni mgeni mmoja.

*Kuhusu wasomaji.* Hakuna katika njia hizi nne inayoeleza mengi kuliko hii: nchi, aina ya kifaa, njia waliyojia, wanaorudi na wapya, na ukiwasha huduma ya ziada hata makadirio ya umri na jinsia. Makadirio hayo yanatoka kwa watu walioingia kwenye akaunti za Google na kuruhusu, na idadi ikiwa ndogo GA4 huficha sehemu ya ripoti ili mtu asitambulike. Tovuti ndogo, ambayo ndiyo ingependa sana kujua kama wasomaji wake ni vijana au wazee, ndiyo hasa inayofichwa.

*Kuhusu mada.* Hapa ina nguvu mtu akijua pa kuangalia. Mtembeleo unaitwa wa ushiriki ukidumu sekunde kumi au zaidi, au msomaji akifungua kurasa mbili, au akifanya jambo uliloliweka kuwa muhimu. Sekunde kumi ni kipimo cha chini mno kwa makala ndefu, hivyo mimi hulipa uzito zaidi lile tukio la kushuka hadi asilimia 90. Tuseme makala ya pilau ina wageni wengi lakini wachache tu wanafika chini, na ya mkate wa kumimina ina wageni robo yao ambao karibu wote wanafika. Kabla hujasema watu hawaipendi pilau yako, fungua ukurasa kwa simu: huenda vipimo viko juu kabisa, watu wanavichukua na kwenda zao jikoni, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

*Gharama na kazi.* Ni bure kwa fedha, ila ni ghali kwa muda. Menyu zake zimetengenezwa kwa watu wa masoko na maduka ya mtandaoni, na mwandishi wa kawaida hutumia sehemu ndogo tu. Msimbo wake ni mzito mara nyingi kuliko wa Plausible. Ipo pia kazi moja ambayo haifai kuahirishwa: taarifa za matukio, kwa ajili ya uchambuzi wa kina, huhifadhiwa miezi miwili tu usipobadilisha mpangilio kuwa miezi 14. Aliyesahau hataweza kuichambua Ramadhani iliyopita.

*Faragha.* Vidakuzi vinaleta wajibu. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiwa na wasomaji waishio Ulaya, kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza tarehe 25 Mei 2018 nazo zinaweza kukuhusu. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka za ulinzi wa taarifa za Austria na Ufaransa zilitamka kwamba matumizi ya Google Analytics kwenye tovuti zilizolalamikiwa yalikiuka kanuni hizo, hadi Julai 2023 ulipopitishwa utaratibu mpya wa kupeleka taarifa Marekani. Kwa vyovyote vile, ukiweka kisanduku cha kuomba ridhaa, wanaokataa hawataonekana kikamilifu, na wenye programu za kuzuia matangazo mara nyingi hawaonekani kabisa.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeuza kitu, anayelipia matangazo, au anayetaka kujua safari nzima ya mgeni tangu alipoingia hadi alipojiandikisha au kununua.

Njia ya tatu: Matomo na Plausible

*Inachohesabu.* Plausible haiweki kidakuzi. Huchanganya anwani ya IP na utambulisho wa kivinjari, huvigeuza kuwa alama isiyosomeka, na ufunguo wa alama hiyo hubadilishwa kila siku. Matokeo yake ni kwamba msomaji wako wa kila siku ni mgeni mpya kila siku, na hesabu ya wageni wa mwezi hupanda kuliko ukweli. Wakati huohuo, wale wanaochangia anwani moja ya kampuni ya simu huunganishwa, na hesabu hushuka. Makosa hayo mawili yanavutana pande mbili, na hayafutani kwa kiasi unachoweza kukijua. Kwa sababu hiyo mimi hushauri kwamba katika Plausible mtu ategemee hesabu ya kurasa zilizofunguliwa na njia zilizowaleta wageni, na hesabu ya wageni wa mwezi aiangalie kwa jicho moja.

Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, inakupa uchaguzi. Inaweza kutumia vidakuzi na kuwatambua wanaorudi, au ikaviacha na kupata udhaifu unaofanana na wa mwenzake.

*Kuhusu wasomaji.* Plausible huonyesha mambo ya msingi kwenye ukurasa mmoja tu: nchi, kifaa, chanzo, kurasa. Matomo huenda mbali karibu kama Google Analytics, na hata kukuonyesha mtembeleo mmoja mmoja ulivyopita kwenye kurasa zako. Zote mbili hazikupi umri wala jinsia ya mtu.

*Kuhusu mada.* Kwa kuwa dashibodi ya Plausible ni fupi, swali la mada hujibiwa haraka: unabofya jina la nchi na orodha ya kurasa inajichuja papo hapo. Ukibofya Oman na kukuta kurasa za halua na za vitumbua ziko juu, ilhali kwa Tanzania ziko chini, umepata kitu cha kufanyia kazi bila kuhudhuria mafunzo yoyote.

*Gharama na kazi.* Huduma ya Plausible hulipiwa kwa dola kulingana na idadi ya kurasa zinazofunguliwa, na utahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni kama ile ya M-Pesa. Msimbo wake ni mwepesi sana, jambo ambalo msomaji wa bando la shilingi mia tano atalishukuru bila kulijua. Matomo ni programu huria. Unaweza kuiweka bure kwenye seva yako yenye PHP na MySQL, lakini kuitunza na kuisasisha ni juu yako, na kwenye kifurushi cha bei ya chini itaanza kukokota wageni wakizidi. Aliye kwenye mpango wa bure wa WordPress.com hawezi kuweka msimbo wa nje, hivyo njia hii na ya pili kwake zimefungwa.

*Faragha.* Hapa ndipo zinapong'aa. Plausible huhifadhi taarifa Ulaya, na Matomo ukiiweka mwenyewe taarifa hazitoki kwenye seva yako. Mamlaka ya Ufaransa imekubali kwamba Matomo ikipangwa kwa masharti maalumu inaweza kutumika bila kuomba ridhaa ya mgeni.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeandika mambo nyeti, kama afya ya uzazi, ugonjwa wa akili au siasa, ambaye msomaji wake angeogopa kufuatiliwa. Anayefaa pia ni yule asiyetaka kujaza tovuti visanduku vya ridhaa.

Njia ya nne: Google Search Console

*Inachohesabu.* Hii haihesabu wageni wote. Inahesabu yaliyotokea kwenye ukurasa wa matokeo ya Google kabla mtu hajafika kwako: maneno aliyoandika, mara ukurasa wako ulipoonekana, mara ulipobofywa, na nafasi yake ya wastani. Aliyekuja kwa WhatsApp, Facebook au kwa kukumbuka jina la tovuti hayumo. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno huondolewa kwenye orodha kwa ajili ya faragha, na orodha yenyewe hukomea safu 1,000.

*Kuhusu wasomaji.* Utaona nchi na aina ya kifaa, basi. Lakini maneno ya utafutaji yanaeleza mengi kuhusu mtu: anayeandika "vipimo vya maandazi unga kilo moja" huenda anapikia wageni au biashara, na anayeandika "kwa nini maandazi yangu ni magumu" amekwisha kuharibu mara moja na anahitaji kuonyeshwa kosa, si kupewa upya orodha ya viungo.

*Kuhusu mada.* Kwa kigezo hiki njia nyingine zote ziko nyuma, kwa sababu hizo huonyesha waliokuja, na hii huonyesha pia waliokaribia kuja. Chukua ukurasa wenye kichwa "Raha ya Asubuhi za Kwetu", ulioonekana mara nyingi kwa wanaotafuta "jinsi ya kupika mahamri", ukiwa nafasi ya tisa, na haukubofywa karibu na mtu yeyote. Takwimu za Blogger zingekuambia makala hiyo imeshindwa. Search Console inakuambia kwamba mada inatafutwa, Google inaihusisha na ukurasa wako, na kinachokosekana ni kichwa kinachosema kilichomo. Chuja kwa Kenya, kisha kwa Tanzania, na utaona jina ambalo kila upande hulitumia kwa chakula kilekile. Weka majina yote mawili ndani ya makala, moja kwenye kichwa na la pili kwenye aya ya kwanza.

Vilevile hifadhi yake ya miezi 16 inaruhusu kulinganisha mwezi huu na mwezi huohuo wa mwaka uliopita. Kwa mapishi, ulinganisho huo ufanywe kwa kalenda ya Kiislamu pale inapohusu futari: Ramadhani ilianza karibu na katikati ya Machi mwaka 2024 na mwanzoni mwa Machi mwaka 2025, kwa hiyo aliyelinganisha Machi na Machi aliona ongezeko ambalo sehemu yake ilikuwa ni takriban siku tisa au kumi zaidi za mfungo tu.

*Gharama na kazi.* Ni bure, na kwa kuwa haiweki msimbo wa kuhesabu kwenye kurasa, bando la msomaji haliguswi. Kazi ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, jambo linalowezekana kwa Blogger, kwa WordPress na kwa kikoa (anwani ya tovuti) chako mwenyewe. Ifungue mapema, maana historia ya kabla ya hapo haipatikani yote.

*Faragha.* Hakuna kidakuzi unachomwekea msomaji kwa ajili yake, na hakuna mtu mmoja mmoja anayeonekana.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye makala zinazojibu maswali: mapishi, kilimo, sheria, masomo ya shule. Haimfai sana mshairi au mwandishi wa safu ya maoni, ambaye wasomaji wake humfuata yeye na si mada. Kwake ripoti itakuwa nyembamba, na wembamba huo haumaanishi kwamba hasomwi.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kama umeanza hivi karibuni na una makala chache, takwimu za jukwaa lako pamoja na Search Console zinatosha, na tarakimu zisikupotezee usingizi: wageni wakiwa wachache, kundi moja la WhatsApp linaweza kupandisha makala yoyote hadi juu kwa siku moja na kukufanya uamini umegundua mada yako.

Kama wasomaji wako wengi huletwa na mitandao ya kijamii, Search Console itakuonyesha sehemu ndogo tu. Chukua zana inayosoma alama za utm, iwe Google Analytics, Matomo au Plausible, na ujizoeze kuviwekea viungo alama tofauti kwa WhatsApp, Facebook na Telegram kabla ya kuvisambaza.

Kama unauza au unatafuta wadhamini, Google Analytics ndiyo ambayo watangazaji wengi wameizoea na watakuomba ripoti yake. Ukiwasilisha ripoti hiyo, eleza kipindi chake na usichanganye wageni na kurasa zilizofunguliwa, kwa sababu mdhamini mzoefu ataliuliza hilo kwanza.

Kama unaandika mambo ambayo msomaji asingependa yajulikane, anza na Plausible au Matomo isiyo na vidakuzi, ukubali kwamba hesabu ya watu itakuwa ya kukadiria, na uamue mada kwa kuangalia kurasa.

Kama wasomaji wako wamegawanyika kati ya Afrika Mashariki, Ghuba na Ulaya, chuja kila ripoti kwa nchi kabla ya kusoma jumla. Kumbuka pia kwamba mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, hivyo saa bora ya kutoa makala kwa Muscat si lazima iwe ileile ya Tanga.

Na kama tayari umefunga zana tatu na kila Jumatatu unazilinganisha, teua moja ya kufanyia maamuzi, uifuate yenyewe kwa yenyewe mwezi hadi mwezi, na misimbo ya zile nyingine uiondoe kwenye tovuti ili kurasa zifunguke haraka.